Kutafuta neno kwa herufi sio wizi, inategemea umetafuta saa ngapi

Hii tabia ya kumuita mwizi kila mtu anaefungua zile kurasa za mtandaoni za kutafuta maneno ya Kiingereza kwa ajili ya magemu kama Scrabble (ule mchezo wa kuunda maneno ubaoni kwa vigae vya herufi zenye pointi) imenichosha. Unaingiza herufi ulizonazo, unaweka alama ya kuuliza pale usipojua, inakuletea maneno yote yenye hizo herufi, basi, ndo hivyo tu. Mimi naona chombo hakina kosa, ishu ni muda. Ukifungua katikati ya gemu wakati mwenzio anahangaika na kichwa chake, hapo hamna cha kujitetea, umeiba. Ila ukifungua gemu likishaisha ili ujue ulikosa nini, hiyo ni shule, na wanaoshindana Scrabble kweli kweli ndo wanavyojifunza.

Chukua herufi saba hizi: AEINRST. Ukiziangalia hivyo hazina maana yoyote. Ingiza kwenye kutafuta utaletewa RETAINS, NASTIER, RETINAS, STAINER na mengine kadhaa, zote herufi zilezile, na Scrabble ukimaliza herufi zako zote saba kwa mkupuo unaongezewa pointi 50 juu. Wala hakuna uchawi hapo. Kila neno kwenye orodha limeshapangwa herufi zake kwa alfabeti, RETAINS ikipangwa inakuwa AEINRST, NASTIER ikipangwa inakuwa AEINRST hiyohiyo, kwahiyo kompyuta inazipanga na zako vilevile halafu inaangalia zipi zimefanana. Wachezaji wazito wanafanya hivyohivyo kichwani, wakishika herufi wanazipanga kwanza na neno linakuja lenyewe kwa sababu walishalikariri likiwa limepangwa.

Sasa hapa ndo nataka kufika. Kwetu mtu akisikia fulani ni bingwa wa Scrabble anadhani huyo Kiingereza chake ni cha kutisha, na asiyejiamini na Kiingereza anakaa mbali na ubao kabisa. Si kweli. Nigel Richards wa New Zealand mwaka 2015 alichukua ubingwa wa dunia wa Scrabble ya Kifaransa na Kifaransa chenyewe haongei, alikaa na kamusi yao wiki kama tisa hivi akakariri maneno, fainali akampiga mtu wa Gabon, nchi ambayo Kifaransa ndo lugha ya serikali! Mwaka 2024 akarudia mchezo uleule kwa Kihispania, kule Granada. Mwaka huohuo wa 2015 Wellington Jighere wa Nigeria akawa Mwafrika wa kwanza kuwa bingwa wa dunia wa ile ya Kiingereza, kule Perth Australia, na Wanigeria wanasifika kwa kupenda maneno mafupi mafupi, ya herufi tano hivi, hata pale wanapoweza kutoa refu, ili wasimfungulie mpinzani nafasi ubaoni na wabaki na herufi nzuri mkononi. Hayo ni mahesabu na kumbukumbu. Lafudhi haina kazi yoyote pale.

Tena kuna sehemu sisi tuna faida na hatujui. Kila mtu anaiogopa Q. Iko moja tu kati ya herufi 100, ina pointi 10, na shuleni tulifundishwa kwamba Q lazima ifuatwe na U, na U ziko nne tu kwenye mfuko mzima, kwahiyo mara nyingi unakaa nayo inakuangalia tu mpaka gemu linaisha unakatwa pointi. Ila nenda katafute maneno yenye Q yasiyo na U kwenye orodha ya Collins, ile inayotumika mashindano mengi nje ya Marekani. Utakuta QADI, TALAQ, QIBLA, NIQAB, FAQIR, QASIDA, WAQF, FIQH. Jamani! Hii si kadhi, talaka, kibla, nikabu, fakiri, kasida, wakfu na fikihi? Mtoto wa Lamu au Unguja aliyepita madrasa anayajua yote haya toka hajaanza darasa la kwanza, anachotakiwa kujua ni kwamba Kiingereza kimeyabeba na yanaandikwaje tu. WAQF peke yake ni pointi 19 kabla hujagusa kile kiboksi cha ubaoni cha kuzidisha pointi, FIQH nayo 19. QAT pia ipo, ambayo ni miraa, au mirungi kama uko Bongo. Na UGALI ipo, japo pointi zake ni 6 tu, sijui nani alipanga haya mambo. MZEE ina 15 kwa ajili ya Z, kwahiyo heshima kwa wazee iko palepale.

Orodha kama hii huwezi kuipata kwa kusoma kamusi toka mwanzo mpaka mwisho, unaipata kwa kutafuta kwa herufi. Ndo maana nasema hizo kurasa zina kazi yake.

Kwenye Wordle lakini msimamo wangu ni mwingine. Ile ni fumbo moja kwa siku, neno moja la herufi tano, majaribio sita, ukiingiza herufi zako za kijani (ziko mahali pake) na njano (zimo ila mahali pengine) kwenye kutafuta umebakiwa na nini sasa cha kufurahia? Josh Wardle alitengeneza kitu kidogo kwa ajili ya mwenzi wake, New York Times wakakinunua Januari 2022, na utamu wake wote uko kwenye kubanwa. Mfano umeshapata IGHT mwishoni. Neno linaweza kuwa FIGHT, LIGHT, MIGHT, NIGHT, RIGHT, SIGHT, TIGHT au EIGHT, na umebakiwa na majaribio matatu. Wengi wanaanza kubahatisha moja moja wanaishia kupoteza. Andika FARMS. Najua haiwezi kuwa jibu, lakini F, R, M na S zote zinapimwa kwa mpigo mmoja, ikiwaka moja umeshamaliza, zisipowaka umebaki na LIGHT, NIGHT, TIGHT na EIGHT na majaribio mawili mkononi. Hapo bado unaweza kukosa, sawa, ila ukiwa umewasha ile hali ngumu FARMS yenyewe haikubaliki kwa sababu inakulazimisha kurudia herufi ulizopata, kwahiyo mkiwa mnatambiana kwenye grupu nani kapata kwa ngapi ulizaneni kwanza nani anacheza ipi.