Umiliki wa faili: tuiachie skripti?

Mwandishi wa programu anaacha kazi Ijumaa. Jumatatu unataka kufuta akaunti yake kwenye IBM i, mfumo endeshi wa kompyuta za kampuni uliotokana na AS/400 ya mwaka 1988, nao unagoma: mtu huyu bado anamiliki mamia ya faili na programu. Amri ya kufuta akaunti, DLTUSRPRF, ukiitumia ilivyo, haimfuti mwenye mali. Uamue mali ifutwe pamoja naye au ihamishiwe mwingine.

Hapo ndipo wengi wanapoamua kuandika skripti, programu ndogo inayojiendesha yenyewe, ya kupita kila usiku, ihamishie kila kitu kwa mmiliki mmoja na kurudisha ruhusa zilivyopangwa. Wana hoja. Kitu kipya huwa cha aliyekiunda au cha kundi lake, na QCRTAUT, mpangilio unaoamua ruhusa ya watu wote kwa kitu kipya, huja na mashine ukiwa *CHANGE, ambayo humruhusu kila mwenye akaunti kubadilisha data iliyomo. Fundi anayehamisha faili ya mishahara saa tano usiku, macho yamemwiva, hakumbuki kufunga mlango. Skripti haisinzii.

Shaka yangu ni pale inapogusa programu. Zipo zinazoazima nguvu za mmiliki wake: karani hana ruhusa ya kufungua faili ya mishahara, ila programu anayoiendesha inaifungua kwa sababu mmiliki wake anayo. Hamishia umiliki kwa akaunti dhaifu, mwisho wa mwezi mishahara inakwama. Hamishia kwa QSECOFR, akaunti ya mkuu wa usalama, na karani yuleyule sasa anaendesha programu iliyoshika funguo za jumba zima. Hili la pili ndilo linanitisha, maana halipigi kelele. Kazi zinakwenda, simu haiiti.

Kuna na ushahidi. Ukaguzi ukiwa umewashwa, jarida la QAUDJRN huandika badiliko la umiliki kwa alama ya OW na la ruhusa kwa CA. Skripti inayosahihisha kimyakimya hujaza jarida hilo alama zake yenyewe, na aliyelegeza ruhusa za faili mchana kwa makusudi anajificha humo pamoja na aliyesahau tu.

Faili za data ningeiachia irekebishe, mradi kwanza iandike ilichokikuta na nani alikigusa. Programu zinazoazima nguvu iziorodheshe tu, mtu azipitie asubuhi. Nayo skripti yenyewe isikae kwenye maktaba, yaani sehemu ya kuhifadhia programu na faili, ambayo kila mwandishi wa programu anaweza kuibadilisha. Niliwahi kuikuta hapo.