Lebo au AD? Kuzuia vitanzi pale RIP na OSPF zinapokutana kwenye ruta mbili

Ruta moja ya mpakani kati ya RIP na OSPF, itifaki mbili ambazo ruta hutumia kuambiana njia za kufikia mitandao, kwa kawaida haisumbui. Tabu huanza inapoongezwa ya pili ili ya kwanza ikizimika mtandao usikatike. Njia iliyotoka RIP na kuingia OSPF kupitia Ruta A hupata mwanya wa kurudi RIP kupitia Ruta B kana kwamba ni njia mpya, na pakiti zikazunguka hadi TTL (idadi ya ruta ambazo pakiti inaruhusiwa kupita) iishe; hicho ndicho kitanzi. Kuhusu dawa, mafundi wamegawanyika: wapo wanaobadilisha AD (administrative distance), wapo wanaobandika lebo (tag), yaani namba ya utambulisho, kwenye njia. Pande zote zina hoja nzito, ila dawa hizi mbili hazitibu ugonjwa mmoja.

AD ni namba inayoiambia ruta itifaki ipi iaminiwe pale mbili zinapoleta habari za mtandao uleule. Ndogo ndiyo hushinda. Kwenye Cisco, OSPF ina 110 na RIP ina 120. MikroTik ni hivyohivyo. Chukua mtandao 10.5.0.0/16 ulioko ndani kabisa ya upande wa RIP, hatua kadhaa kutoka mpakani. Ruta A inauingiza OSPF (redistribute), yaani inautangaza kwa ruta za OSPF. Ruta B sasa inausikia kwa RIP yenye 120 na kwa OSPF yenye 110, hivyo inachagua OSPF, ingawa OSPF yenyewe habari hiyo imeipata RIP. Kisha B, kwa kuwa imeagizwa kuingiza njia za OSPF ndani ya RIP, inautangaza tena mtandao huo kwa metriki (umbali kwa hesabu ya hatua) ya kuanzia 1. Ruta jirani ya RIP inaona 1 ni karibu kuliko njia halali, inampa B pakiti, B anampa A kupitia OSPF, A anamrudishia jirani yuleyule.

Metriki hiyo ya 1 ni mtego wenyewe, na bado watu wengi huiandika kwa mazoea. Ukiiweka kubwa kuliko hatua za njia halali, mathalani 5, njia halali itashinda, mradi usivuke 15, maana kwa RIP 16 ni "haifikiki". Lakini mtandao halisi ukikatika, tangazo la uongo lenye 5 ndilo hubaki uwanjani, na kitanzi huzaliwa wakati huo.

Kuna jambo jingine linalowachanganya watu: mwelekeo wa kosa hutegemea ruta ipi iliwahi. A ikitangulia kuingiza njia OSPF, B ndiyo hudanganyika. Umeme ukikatika na B ikawahi kuwaka, mambo hugeuka. Ndiyo maana hitilafu hii huonekana kama imezuka yenyewe baada ya kuwasha upya, wakati usanidi haujaguswa.

Wanaotetea AD wana hoja nzuri. Amri moja, `distance ospf external 130`, ikiwekwa chini ya OSPF kwenye A na B, inaifanya kila ruta iamini RIP yake yenyewe kwa mitandao ya RIP. Pakiti zinapita njia fupi, na ruta zote mbili zinaingiza mitandao hiyo OSPF kwa pamoja, kwa hiyo moja ikizimika nyingine tayari ipo kazini. Kwa mtandao ambao OSPF haina njia yoyote nyingine ya nje, dawa hii inatosha.

Shida ni kwamba mitandao ya namna hiyo ni michache. OSPF ikiwa na njia zake za nje, mathalani 172.20.0.0/16 iliyoingizwa kutoka BGP (itifaki nyingine ya njia) mahali pengine, A itaipeleka RIP, na B itaisikia kwa RIP yenye 120 dhidi ya OSPF yenye 130. Itachagua RIP, kisha itairudisha OSPF. Kitanzi kimehamia upande wa pili. EIGRP, itifaki ya njia iliyotoka Cisco, inaonyesha jambo hilohilo: njia zake za ndani (90) ziko salama mbele ya OSPF, lakini zile ilizozipokea kutoka nje (170) zinashindwa na 110. Unaweza kuibana AD iguse mitandao uliyoiorodhesha tu, ila orodha hiyo itahitaji kurekebishwa kwa mkono kwenye kila ruta ya mpakani kila mtandao mpya unapoongezwa.

Lebo zinauliza swali tofauti: njia hii ilizaliwa wapi? Kwenye A na B pia, kwa orodha za masharti (route-map):

route-map RIP-KWENDA-OSPF deny 10
 match tag 110
route-map RIP-KWENDA-OSPF permit 20
 set tag 120
route-map OSPF-KWENDA-RIP deny 10
 match tag 120
route-map OSPF-KWENDA-RIP permit 20
 set tag 110

Ukisahau mstari wa `permit 20`, kila njia itazuiwa. Lebo ya OSPF ina biti 32 lakini ya RIP toleo la 2 ina biti 16, kwa hiyo usivuke 65535. RIP toleo la 1 haibebi lebo kabisa. Wazo hili si la mafundi wa mtaani tu: kwenye MPLS VPN (mitandao binafsi inayopita juu ya ule wa mtoa huduma), hati ya viwango vya intaneti RFC 4576 ya mwaka 2006 iliweka biti maalumu ndani ya OSPF kwa kazi hiyohiyo, kutambua njia isiyopaswa kurudi ilikotoka.

Kasoro yake ni kwamba kitanzi kinakufa lakini njia mbaya inabaki. B bado itapeleka pakiti za 10.5.0.0/16 kwa A kupitia OSPF. Ukiizuia B isipokee kabisa njia zenye lebo 120, unapata njia fupi, ila kiungo chake cha RIP kikikatika haitaweza kufika huko kupitia A. Kwa hiyo lebo ziwekwe kila mara, na AD iongezwe juu yake pale ambapo njia hiyo ndefu ya kupitia A inapita kwenye kiungo chembamba. AD peke yake siipendekezi. Na kama upande wa RIP ni matawi madogo tu, yape njia ya msingi 0.0.0.0/0 (default route) badala ya kuyamwagia OSPF nzima.

Katika kutafuta kosa, anza na traceroute, amri inayoorodhesha ruta ambazo pakiti inapita. Anwani zilezile zikijirudia, ingia kila ruta iliyomo na uendeshe `show ip route 10.5.0.0`. Tazama itifaki, AD na umri wa njia. Kwa njia ya OSPF, umri unaorudi sifuri kila mara ni dalili ya njia inayobadilika-badilika; wa RIP hurudi sifuri kwa kawaida kila tangazo jipya linapofika. Kisha `show ip ospf database external` itakuonyesha ruta iliyotangaza na lebo yake. Usiweke njia ya kudumu (static) kwa mkono kama tiba ya haraka: AD yake ni 1, itaficha kosa, na kama kuna `redistribute static` itasambaa. Afadhali ukate uingizaji wa OSPF kwenda RIP kwenye ruta moja. Baada ya kurekebisha, zima 10.5.0.0/16 penyewe kwa makusudi na usubiri dakika tano, maana RIP ya Cisco hufuta njia iliyonyamaza baada ya sekunde 240. Mtandao huo ukiwa bado umo kwenye jedwali la ruta yoyote, kuna mpaka ambao haujaubandika lebo.