Miwani ya VR imeshuka bei: nani hasa kaliwa?

Aliyenunua Oculus Rift, mojawapo ya miwani ya VR (ile inayofunika macho na kumwonyesha mtu dunia ya kubuni ya kompyuta), siku ilipoingia sokoni, Machi 28, 2016, alilipa dola 599. Ndani ya boksi alikuta miwani yenyewe, kamera moja ya kufuatilia mwendo wa kichwa, rimoti ndogo na pedi ya Xbox One, ile ya kawaida ya kuchezea michezo ya runinga. Naam, pedi ya Xbox, kwa kifaa kilichonadiwa kwamba kitamwingiza mtu mzimamzima katika dunia nyingine! Pedi za kushika kila mkono, zile zilizoitwa Touch, zilitoka Desemba mwaka huohuo kwa dola 199 nyingine. Jumla 798, na hapo hatujaigusa kompyuta, maana yenye uwezo wa kuiendesha miwani hiyo ilikuwa ikiuzwa karibu dola 1,000. Ilipofika Julai 2017, miwani na Touch zikawekwa pamoja kwa dola 399. Wateja waliambiwa ni ofa ya msimu. Oktoba ikatangazwa kuwa ndiyo bei ya kudumu.

Tangu hapo mambo ni yaleyale. Vive ya HTC ilianza kwa dola 799 mwaka 2016 na kushushwa hadi 599 Agosti 2017. PlayStation VR2 ya Sony ilitoka Februari 2023 kwa dola 549.99, na Machi 2025 ikawa 399.99. Iliyouma kuliko zote ni Quest Pro ya Meta, kampuni mama ya Facebook na Oculus: dola 1,499.99 Oktoba 2022, dola 999.99 Machi 2023. Dola mia tano ziliyeyuka kabla miezi mitano haijatimia. Na kila mara waliotangulia kununua husema wamepigwa, na wenzao huwajibu kwa kejeli: nani aliwatuma? Kiherehere chenu kimewaponza, mngesubiri.

Kejeli hiyo ina ukweli wake. Kifaa kipya hutengenezwa kwa idadi ndogo, vioo na lenzi zake bado ni ghali, na anayekinunua mapema anajua, au anapaswa kujua, kwamba analipia pia ule muda ambao wengine hawatakuwa nacho. Mtengenezaji wa michezo aliyevaa Rift mwaka 2016 alikuwa na mwaka mzima wa kujaribu na kukosea kabla wenzake hawajaanza. Hata mchezaji wa kawaida ameshaufaidi mwaka huo, na hakuna wa kumnyang'anya. Sioni haki ya mtu kuufaidi mwaka wa kwanza kisha adai bei ya mwaka wa pili.

Tena kuna jambo ambalo walalamikaji hawapendi kukumbushwa. Agosti 2022 Meta ilipandisha bei ya Quest 2 kwa dola 100, kutoka 299 hadi 399. Waliokwisha kuinunua wakajikuta na kifaa ambacho dukani kimekuwa ghali kuliko walivyokilipia. Hakuna aliyejitokeza kusema arudishe tofauti.

Hoja nzito zaidi ya upande huu inahusu idadi ya watu. Miwani ya VR si kama televisheni, ambayo hata ukiwa nayo peke yako mtaani utaona mpira. Michezo mingi yenye raha humo ni ya kukutana na watu, na watengenezaji hawawekezi fedha kwenye kifaa chenye wateja wachache. Mwenye Rift ya dola 798 alihitaji wengine wengi waje, na wengi hawaji kwa bei hiyo. Kushushwa bei kulimpunguzia thamani ya kifaa alichonacho mkononi, lakini kulimletea wa kucheza nao na michezo ya kucheza. Ni machungu kulipia sherehe ambayo wengine wanaingia kwa nusu ya kiingilio. Ila ukumbi mtupu nao si sherehe.

Hapo ndipo ningeishia kama malalamiko yote yangekuwa ya bei tu. Ila kuna suala la muda, na kuna suala la ukimya. Kampuni haikurupuki asubuhi moja na kukata theluthi ya bei. Ina hesabu zake za mauzo na ina ratiba ya kifaa kijacho. Mnunuzi hana hata kimoja. Juni 1, 2023, chini ya miezi minane baada ya Quest Pro kuanza kuuzwa, Meta ilitangaza Quest 3: kichakataji kipya zaidi, bei ya kuanzia dola 499.99. Kweli haikuwa na kamera za kufuatilia macho kama Pro, na walengwa walikuwa tofauti. Lakini aliyelipa 1,499.99 Krismasi ile angependa kujua mapema.

Zipo kampuni zilizolitambua hilo. Septemba 2007 Apple ilishusha bei ya iPhone ya kwanza kutoka dola 599 hadi 399, miezi miwili na ushei baada ya kuanza kuiuza. Steve Jobs aliandika barua ya wazi akisema ndivyo teknolojia ilivyo, anayesubiri bei ishuke hatanunua kamwe. Kisha, pamoja na kushikilia msimamo huo, akawapa wanunuzi wa mwanzo salio la dola 100 la kununulia dukani kwake. Nintendo ilipoipunguza 3DS, kifaa chake cha michezo cha mkononi, kutoka dola 249.99 hadi 169.99 mwaka 2011, waliotangulia walipewa michezo 20 bure. Oculus nao, waliposhusha bei kwa mara ya kwanza Machi 2017, walitoa salio la dola 50 kwa walionunua Rift na Touch ndani ya siku 30 zilizotangulia. Siku 30 ni chache mno, na dola 50 ni kama kifuta jasho. Hata hivyo kila fidia ya aina hii ni kukiri kwamba mnunuzi wa mwezi uliopita ana hoja kuliko wa mwaka uliopita. Kwa maoni yangu miezi mitatu ingekuwa haki.

(Kwetu huku fidia hizo hata hazisikiki. Mtu wa Dar es Salaam au Nairobi aliyemwagiza ndugu yake Marekani amnunulie, akangoja hadi ndugu apate mtu wa kumbebea, siku za kurudisha bidhaa zimeshakwisha kabla hajafungua boksi. Kwa upande mwingine, bei ikianguka huko, mtumba huanguka zaidi, na pengine ndiyo njia pekee ya chuo au mwenye banda la michezo huku kuipata.)

Vision Pro, miwani ya Apple, inaonyesha kwamba hata bei isiposhushwa dukani, mnunuzi wa kwanza hasalimiki. Iliingia sokoni Februari 2, 2024 kwa dola 3,499 ikiwa na chipu ya M2. Oktoba 2025 ikaja yenye chipu ya M5, kwa bei ileile. Hakuna aliyekata bei, lakini mwenye ile ya kwanza akitaka kuiuza anashindana na mpya iliyo bora kwa fedha ambayo yeye aliilipia ya zamani. Kwa hiyo wanaotaka kampuni zilazimishwe kutoshusha bei wanaelekeza hasira mahali pasipo.

Kuna hasara nyingine ambayo huchanganywa na hii ya bei, nayo haifanani nayo hata kidogo. Chukua HP Reverb G2, iliyotoka mwishoni mwa 2020 kwa dola 599. Kioo chake kina pikseli 2160 kwa 2160 kwa kila jicho, na wapenzi wa michezo ya kurusha ndege waliisifia kwa sababu saa na vipimo vya chumba cha rubani vilisomeka bila kukodoa. Ilitegemea mfumo wa Microsoft ulioitwa Windows Mixed Reality. Desemba 2023 Microsoft ikatangaza kuusitisha mfumo huo, na toleo la 24H2 la Windows 11, lililotoka mwaka uliofuata, likauondoa kabisa. Aliyesasisha kompyuta yake akachomeka miwani, hakupata kitu. Lenzi nzima, kioo kizima, waya mzima. Hapo mtu hajaambiwa kifaa chake sasa ni cha dola 200. Ameambiwa si kifaa tena.

Dalili zilikuwepo zamani. Machi 7, 2018 miwani ya Rift iligoma kufanya kazi duniani kote kwa sababu cheti cha kidijitali ndani ya programu yake, kinachothibitisha kuwa programu ni halali, kilikuwa kimeisha muda na hakuna aliyekumbuka kukihuisha. Ilirekebishwa haraka na wateja wakapewa salio la dola 15, lakini somo lilibaki: kifaa kilichoko sebuleni kwako kina ufunguo ulioko kwa mwingine. Agosti 2023 Meta ilifunga Echo VR, mchezo ambao kwa baadhi ya watu ndio uliokuwa sababu ya kununua miwani.

Kampuni nazo zina la kusema. Kuitunza programu ya kifaa chenye watumiaji wachache kunakula mishahara ya wahandisi mwaka baada ya mwaka. Kitengo cha Meta kinachotengeneza Quest kilipata hasara ya dola bilioni 16.1 mwaka 2023 na bilioni 17.7 mwaka 2024. Kuilaumu kwa kufunga mlango mmoja au miwili ni rahisi kwa asiyelipa bili. Nakubali kwamba huduma haiwezi kuwa ya milele. Nisichokubali ni mteja kuuziwa bila kuambiwa ni ya hadi lini. Uingereza tangu Aprili 29, 2024 inawataka wauzaji wa vifaa vya kuunganishwa na intaneti kutaja muda ambao masasisho ya usalama yatatolewa. Ni hatua, ila sheria hiyo inahusu usalama tu. Haigusi kampuni kuamua kuondoa kitu kilichokuwa kikifanya kazi vizuri.

Gharama ya kukiacha kifaa kiendelee kuishi nayo si kubwa kama inavyodaiwa. Mwaka 2025 mhandisi mmoja anayeufahamu mfumo ule wa Microsoft alitoa bure programu endeshi iitwayo Oasis, na Reverb G2 zilizokuwa zimetupwa kabatini zikawaka tena kwenye Windows 11. Ilipotoka ilifanya kazi kwa wenye kadi za picha za Nvidia pekee. Wenye kadi za AMD waliachwa wakingoja, na HP na Microsoft tayari wana fedha zao.