Yadi 106 Tu, na Bado Linatisha

Shimo la 7 la uwanja wa gofu wa Pebble Beach, California, yaani safari nzima kutoka unapopigia hadi kwenye bendera, lina urefu wa takriban yadi 106. Hata mita 100 halifiki. Unapiga ukiwa juu ya kilima, grini, ile nyasi fupi yenye bendera, iko kule chini, ndogo, imezungukwa na mabanka, yaani mitego ya mchanga, na nyuma yake ni miamba na bahari.

Wapo wanaosema shimo fupi la par 3 (linalotarajiwa kumalizwa kwa mikwaju mitatu) la kushuka namna hii ni picha ya kalenda tu. Hoja yao ina uzito. Siku tulivu, mchezaji wa kulipwa anaudondosha mpira karibu na bendera bila jasho. Mchezaji wa kawaida naye ananyimwa njia ya kuuviringisha chini chini, maana pale lazima uruke. Na mbunifu mvivu wa viwanja akipata kilima chenye mandhari, hajisumbui tena na grini.

Lakini mteremko una kazi yake. Mpira uliopigwa kutoka juu hukaa angani muda mrefu kuliko ule wa tambarare, na muda huo wa ziada ni mali ya upepo. Siku ya mwisho ya mashindano ya US Open ya 1992, upepo ukivuma kwa nguvu, mchezaji Tom Kite alichomoa chuma namba 6 hapo, fimbo ambayo siku nyingine ingeuvusha mpira grini ukaishie baharini. Bado aliikosa grini, upande wa kushoto. Kisha akauinua mpira kutoka kando ukaingia shimoni moja kwa moja, mikwaju miwili, na jioni kombe likawa lake.

Kwenye uwanja wa Royal Troon, Scotland, kuna shimo la 8, yadi 123, linaloitwa Stempu kwa udogo wa grini yake. Unapiga kutoka juu, unavusha bonde. Mwaka 1950 Mjerumani Hermann Tissies aliondoka hapo na mikwaju 15. Mwaka 1973 mchezaji Gene Sarazen, mzee wa miaka 71, alilimaliza kwa mkwaju mmoja. Hicho ndicho ninachokipenda: nguvu za ujana hazimsaidii mtu hapo, na uzee haumzuii.

Kwa hiyo mbunifu akinionyesha kilima, nitamwuliza kwanza upepo unatoka wapi na grini ina upana gani. Bahari tutaitazama tukishuka.