Rumba: kiuno cha Kongo au mbwembwe za Kihispania?

Desemba 2021 UNESCO iliiingiza rumba ya Kongo katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika, ikieleza kuwa imetokana na ngoma ya kale iitwayo nkumba, yaani kiuno kwa Kikongo. Wengine wanasema si kiuno, ni kitovu: wawili walisogeleana mpaka vitovu vikagusana. Kwa wapenzi wengi wa bolingo kesi imekwisha. Ngoma ilivuka bahari na watumwa, ikafika Kuba, ikarudi nyumbani miaka ya 1930 ndani ya santuri za GV, mfululizo wa nyimbo za Kuba uliouzwa Afrika.

Kuhusu uchezaji wenyewe, sina ubishi mkubwa. Katika guaguancó, aina mojawapo ya rumba ya Kuba, mwanamume humzungukazunguka mwanamke akivizia upenyo wa kumrushia kiuno, na mwanamke hujiziba kwa mkono au kwa pindo la sketi, huku akiendelea kumchokoza. Brazil nako wana umbigada, kugonganisha vitovu. Aliyezoea kuona watu wakikata kiuno kwenye ngoma za kwetu hahitaji kushawishiwa sana.

Neno ndilo linalonitia shaka. Hiyo nk- ya Kikongo iligeukaje r-? Wakuba wafuasi wa Palo, dini yenye asili ya Kongo, wanatamka nganga mpaka leo, wakimaanisha chungu cha mizimu, na sisi wenye mganga na uganga tunalitambua papo hapo. Sasa kwa nini nkumba peke yake ibadilike kiasi hicho? Kihispania kina rumbo, lenye maana pia ya mbwembwe na kujionyesha, na kutoka hapo kufika kwenye rumba, sherehe ya mtaani, si mbali. Watetezi wa nkumba hujibu kwamba maneno ya watumwa yaliandikwa na mabwana waliosikia walichotaka kusikia. Kweli, lakini kwa hoja hiyo neno lolote litapewa asili yoyote.

Halafu kuna biashara ya santuri, ambayo husahauliwa. Mwaka 1930 wimbo wa Kuba “El Manisero” ulirekodiwa New York na bendi ya Don Azpiazú, ukauzwa kwa jina la rumba ingawa ni wa son, mtindo mwingine wa muziki wa Kuba. Jina likashika. Nyingi kati ya nyimbo zilizofika Léopoldville (Kinshasa ya leo) baadaye zilikuwa son vilevile, kwa hiyo wanamuziki wa pale walilipokea neno rumba likiwa tayari jina la kuuzia muziki ambao Havana wenyewe waliuita vingine.