Daktari wa Meno Si Fimbo ya Mzazi

Juma lililopita, nikisubiri zamu yangu kwenye benchi la kliniki moja ya meno hapa Busia, nilimsikia mtoto wa miaka mitano hivi akilia ndani ya chumba kilio ambacho hakijanitoka masikioni hadi leo. Mama yake alimshika miguu, mhudumu akamshika kichwa, na mwanamume mmoja aliyekuwa ameketi nasi akaitwa kumbana mikono. Gego liling'oka kwa dakika chache, wote wakatoka wakijipangusa jasho. Mtoto yule alikuwa ameambiwa asubuhi kwamba anakwenda kununuliwa maandazi.

Simlaumu daktari peke yake, kwa sababu hofu ile haikuanzia kwenye kiti chake. Ni mzazi gani kati yetu ambaye hajasema, "Ukikataa kula nitakupeleka kwa musawo, yule daktari, akudunge sindano"? Mimi nimesema, na nimejuta. Kwa miaka mitano tunamfanya daktari kuwa fimbo ya kumtishia mtoto, kisha siku jino linapouma tunamkasirikia mtoto huyo huyo kwa kuamini tuliyomwambia. Wengine hufika pale wakiwa wameumizwa kinywani hata kabla ya kuota meno, kwa imani ya ebinyo, yaani vijino vinavyodhaniwa kumletea mtoto ugonjwa: mtoto mchanga akipata homa au kuhara, ufizi wake unachokolewa kwa spoku ya baiskeli, na kinachotolewa ni chipukizi la chonge lake. Uovu huo unastahili makala yake wenyewe.

Ninalotaka kusema ni kwamba kumtuliza mtoto ni sehemu ya matibabu, tena ni sehemu yenye ufundi unaojulikana. Mwaka 1959 daktari Addelston wa Marekani alieleza utaratibu ambao hauhitaji hata shilingi moja: mwambie mtoto kwa maneno anayoyaelewa, mwonyeshe, kisha ufanye lile lile ulilomwonyesha bila kuongeza lingine. Niliuona ukitumika kwa binti yangu katika kituo cha afya cha serikali. Mhudumu wa meno, mwanamke mwenye sauti ya chini, alimwambia, "Mwanangu, leo tunahesabu tu." Alimpa kioo kidogo akishike mwenyewe, akakigusisha kwanza kwenye ukucha wake, akamwambia kwamba akiinua mkono wa kushoto kila kitu kitasimama. Binti yangu aliinua mkono mara mbili ili kuona kama ni kweli, na mara zote mbili mhudumu alisimama. Baada ya hapo hakuuinua tena, na meno yote 20 yakahesabiwa. Ziara ya pili alizibwa jino bila machozi.

Wapo watakaosema kwamba foleni ni ndefu na mhudumu ni mmoja. Ni kweli, lakini mtoto anayepigana na watu watatu naye anakula muda. Nakubali pia, ingawa kwa shingo upande, kwamba ipo siku ambayo kumshika hakuepukiki: uso umevimba, homa imepanda, usaha unashuka shingoni, na hakuna karibu mahali pa kumlaza usingizi kamili kwa dawa. Usaha wa jino unaweza kuua. Hata hivyo mzazi aelezwe kwanza na akubali, na mtoto apakatwe na mama yake badala ya kubanwa na mgeni aliyeitwa kutoka benchini. Huko Marekani madaktari walifundishwa zamani hata kumziba mtoto kinywa kwa kiganja ili anyamaze, na chama chao cha madaktari wa meno wa watoto kikaiondoa mbinu hiyo katika miongozo yake mwaka 2006.

Kelele ya mashine nayo ina dawa, na dawa hiyo ilianzia kwa majirani zetu. Katika miaka ya 1980 huko Tanzania ilianzishwa njia ya kukwangua sehemu iliyooza kwa vifaa vya mkono tu, bila mashine wala umeme, na mara nyingi bila sindano, kisha tundu likazibwa kwa kizibo kinachotoa floraidi. Kwa vituo vyetu vinavyokatikiwa umeme kila mara, sielewi kwa nini mtoto mwenye tundu dogo aambiwe arudi siku ya kung'olewa.

Nasi wazazi tumpeleke mtoto akiwa hana maumivu, mwaka wake wa kwanza usipite, ili asikijue kiti kile kwa uchungu. Tuache pia kusema kwamba meno ya utotoni yatang'oka tu, maana magego hayo hukaa hadi mtoto afikishe miaka kumi au kumi na miwili, na yakitolewa mapema jino la nyuma husogea na kuziba nafasi ya lile linalokuja.

Mtoto yule wa Busia amebakiwa na pengo. Akifikisha miaka sita hivi, nyuma ya magego ya utotoni litaota gego la kudumu, ambalo wazazi wengi hudhani ni la utotoni kwa kuwa linaota bila jino lolote kung'oka, na ambalo akilipoteza hatapata lingine. Litahitaji kutazamwa na daktari, na atatakiwa afungue kinywa.