Nani mwenye kivuli? Picha za kadi za miaka ya 1860

Mwaka 1864, nchini Marekani, mwanamke aliyezaliwa utumwani aliketi mbele ya kamera. Kofia nyeupe kichwani, miwani machoni, shali mabegani, ufumaji mkononi na uzi umemlalia mapajani. Mezani pembeni yake kuna kitabu na maua. Huyo ni Sojourner Truth, mhubiri na mpinzani wa utumwa. Chini ya picha, kwenye kadi inayoenea kiganjani, pamechapwa maneno yake: “Nauza kivuli niutunze mwili.” Kivuli hapo ni picha yake.

Kadi hizo ziliitwa carte de visite, kwa kuwa kipimo chake kililingana na kadi za jina ambazo wageni wa Ulaya waliziacha mlangoni walipobisha hodi. Wapo wanaozisifu kwamba zilimpa mtu wa kawaida sura yake mwenyewe. Wapo wanaozilaumu kwamba ziliigeuza sura ya binadamu kuwa bidhaa ya dukani.

Wanaosifu wana la kushika. Daguerreotype, aina ya picha iliyotangazwa mwaka 1839, ilikuwa bamba moja la shaba lililopakwa fedha, halina nakala. Ukimpa mtu, wewe umebaki mikono mitupu. Mwaka 1851 Frederick Scott Archer alieleza namna ya kupata negativu safi kwenye kioo, yaani picha ya kinyume inayoweza kutoa nakala nyingi. Novemba 1854, Disdéri, mpiga picha wa Paris, akasajili hataza ya kuweka picha kadhaa kwenye kioo kimoja; kwa kamera ya lenzi nne na kioo kinachosogezwa, zilikaa nane. Zilichapwa kwa mkupuo mmoja kwa mwanga wa jua, zikakatwa kwa mkasi, zikabandikwa kwenye kadi. Aliyewahi kupokea picha za pasipoti nne kwenye karatasi moja anaielewa hesabu hiyo. Karatasi yenyewe ilipakwa ute wa yai, ndiyo maana iling'aa. Rimu moja ilikula mayai mia tatu na ushei.

Bei ikashuka. Askari aliyekuwa akienda vitani aliweza kumwachia mama yake kadi na bado akabaki na nyingine ya mchumba. Mpiga picha John Mayall alipotoa kadi za Malkia Victoria na familia yake mwaka 1860, watu walizinunua na kuzipachika katika albamu zilezile walimoweka shangazi na wajomba zao, kwa kipimo kilekile. Mimi hilo naliona kuwa jambo kubwa.

Lakini mwaka 1863, huko Baton Rouge, Louisiana, mtumwa aliyetoroka shamba la bwana wake alipigwa picha akiwa ameipa kamera mgongo. Mkono wa kushoto kiunoni, uso wa upande, na makovu ya mijeledi yamesukana kuanzia mabegani hadi kiunoni. Wengine wanamwita Gordon, wengine Peter. Kadi yake iliuzwa Kaskazini mwa Marekani na kuwashtua wengi waliokuwa wakiambiwa kwamba utumwa ni upole, na kwa hilo ilifanya kazi ambayo hotuba nyingi zilishindwa kuifanya. Hata hivyo, mgongo wake ulikwenda sokoni, na hata jina lake watu hawakulishika sawasawa.

Kwa hiyo sikubali kwamba kosa ni la kadi, wala kwamba sifa ni yake. Cha kuuliza ni nani aliyechagua mkao, na nani aliyeingiza fedha mfukoni. Truth naye hakuwa huru kabisa: kitabu na maua vilikuwa vifaa vya sebule ya watu wa heshima, na wanunuzi walitaka kumwona hivyo. Lakini ufumaji ni kazi ya mikono yake, na mauzo yalimlipia safari na chakula.

Igeuze kadi hiyo. Nyuma kuna tangazo la hakimiliki la mwaka 1864. Kwa desturi haki hiyo iliandikishwa kwa jina la mpiga picha. Hapa limechapwa jina la Sojourner Truth, ambaye hakujua kusoma wala kuandika.